Mkurugenzi wa Kila Jumanne

"Jirani, samahani nikuulize," Mama Pasi alimwambia siku moja uani, ndoo ya maji mkononi. "Hiyo tai unaivalia nani kila asubuhi?"

Lilikuwa swali dogo, lakini visiki vidogo ndivyo vinavyong'oa watu kucha. Kwa miezi minane jamaa alikuwa akitoka chumbani kwake saa moja na nusu kamili, viatu vinang'aa, mkoba kwapani, tai nyekundu imekaa kifuani kama muhuri wa serikali. Anafunga kufuli, anakohoa kikubwa, anaelekea mjini. Alichokuwa akikifanya huko mjini walikijua wawili tu: yeye mwenyewe na benchi moja la bustani ya umma. Ndani ya mkoba mlikuwa na gazeti la mwezi uliopita na kipande cha mkate.

Mtu mwingine angebabaika. Yeye ulimi wake ulikuwa na tabia ya kuamka kabla yake.

"Naendesha biashara za watu, jirani," akasema. "Hawa wenye biashara ndogo hawana uwezo wa kumweka mkurugenzi mzima. Basi wananichukua kwa vipande. Huyu robo, yule robo."

"Robo ya mtu?"

"Robo ya mkurugenzi. Siku moja kwa wiki naingia, natazama, napanga mambo, natoka. Ndiyo kazi ya kisasa hiyo."

Mama Pasi akatua ndoo. "Na siku hiyo moja unaleta robo ipi? Ya kichwa au ya miguu?" Akacheka peke yake, kisha akaacha kucheka. "Hebu basi njoo umwone bosi wangu. Pale kwetu mambo yametushinda."

Jamaa akabaki amesimama uani, anakisikiliza tena alichokisema. Akakipenda. Uongo mwingi mtu huusema akajutia. Huu ulikuwa umekuja na kazi mkononi. Kabla jua halijawa kali alikuwa ameshapata jina la cheo chake, na kabla ya mwisho wa wiki mtaa ulikuwa umeshampa jina lake. Cheo kilikuwa Mkurugenzi wa Uendeshaji. Jina lilikuwa Robo.

Baada ya majuma matatu Robo alikuwa ameuza Jumatatu yake kwa fundi wa vitanda, Jumanne kwa Mama Dobi ambaye ndiye bosi wa Mama Pasi, na Alhamisi kwa mwokaji wa mikate. Siku nyingine alijiachia mwenyewe, kwa ajili ya uchovu.

Kazi yenyewe aliipatia kanuni siku ya kwanza tu. Saa ya kwanza unakaa na wafanyakazi, unawauliza, "Jamani, hapa tatizo ni nini?" Wanakwambia, maana hakuna aliyewahi kuwauliza. Saa ya pili unaingia kwa bosi na tai yako, unamwambia yaleyale kwa maneno marefu. Kwa fundi wa vitanda, vibarua walisema mlango wa karakana ni mwembamba; kila kitanda kikitoka lazima kifunguliwe, kitolewe, kiungwe tena nje. Robo akaenda kwa bosi, akavua miwani asiyoihitaji, akasema kwa huzuni, "Mkuu, mlango wako unakula jasho lako." Fundi wa vitanda nusura alie. Siku ileile akaleta nyundo, ukuta ukaenda chini. Vibarua walikuwa wamemwambia hivyo kwa miaka minne, bila malipo, na ndiyo maana hakuwasikia.

Mama Dobi alikuwa mtu wa namna nyingine.

Alikuwa mjane, mtu wa kanisa, shule ya msingi basi, mwendo wake wa taratibu kama mtu aliyebeba kitu kilichojaa. Mahali pake pa kufulia palikuwa chumba kirefu chenye makaro matatu ya saruji, kamba za kuanikia nyuma, meza ya kupigia pasi, na wanawake saba. Mashine hawakuwa nayo hata moja. Lakini nguo nyeupe ikitoka mikononi mwao ilirudi nyeupe kuliko ilivyotoka dukani, na wanga wake ulikuwa wa adabu: kola imesimama, makwapa hayakwaruzi.

Siku ya kwanza hakumficha kitu. Nyumba ya wageni iliyokuwa ikiwaletea shuka imefungwa. Kilichobaki ni tumaini moja, sare za chuo cha wauguzi. Matroni wa chuo alikuwa amesema atatoa sare thelathini kwa Mama Dobi na thelathini kwa Bwana Povu, yule mwenye mashine kubwa barabara ya pili, kisha atatazama za nani zinafaa. "Nikizikosa," Mama Dobi alisema, "mwisho wa mwezi nitawaambia wanangu hawa saba warudi kwao. Kwa hiyo tazama, mwanangu, utusaidie. Na malipo nitakupa matokeo yakionekana."

"Na nani ataamua kama yameonekana, Mama?"

"Mungu anaona. Na mimi nitakuwa nimesimama karibu."

Robo alicheka kwa heshima, akaandika kitu kwenye karatasi. Alikuwa ameandika, *Bibi huyu si mwepesi.*

Jambo la kwanza aliloliona ni kuimba. Wale wanawake walikuwa wakiimba toka nguo ya kwanza inaingia majini mpaka ya mwisho inakamuliwa, na Mama Dobi mbele yao kama kondakta. Sasa mkurugenzi ambaye hajakataza kitu siku ya kwanza ni mkurugenzi gani? Akabandika karatasi ukutani:

WARAKA NAMBA 1. KUIMBA WAKATI WA KAZI NI MARUFUKU. PUMZI NI NGUVU YA KAZI.

Mama Dobi aliusoma kwa kidole, neno kwa neno. Wanawake wote saba wakamtazama.

"Mwandiko mzuri," akasema. Akawageukia. "Tutaimbia moyoni."

Kuanzia hapo palikuwa kimya, isipokuwa midomo. Midomo ilikuwa ikienda, yote saba, pamoja. Robo alihesabu hilo kuwa utii.

Ili asionekane amekaa bure mpaka chakula cha mchana, alipata na shughuli nyingine. Alisogeza meza ya pasi karibu na dirisha, kwa sababu alikuwa na joto. Akaanza pia kufunga uzi wa rangi kwenye kila nguo kulingana na mwenye nguo, jambo aliloliiba kwa shangazi yake, aliyekuwa akifunga nyuzi miguuni mwa kuku wake ili wasichanganyike na wa jirani. Robo hakulifikiria tena. Hakuona kwamba toka Jumanne ile hakuna mteja aliyerudi akilia na shati la mtu mwingine, wala kwamba Mama Pasi sasa alikuwa akiona mikunjo bila kukodoa macho. Kuna watu wakitenda jema hata wenyewe hawana habari. Mungu ana namna zake za kuajiri.

Basi Bwana Povu akamwita.

Povu alikuwa mtu mnene, mwenye sauti kama ya vyombo vinavyooshwa, na jumba lake lilijaa mashine zenye vioo vya duara ambamo nguo zilizunguka kama watu waliopotea mjini. Kila kitu kwake kilikuwa kikubwa. Weupe tu ndio uliokuwa mdogo. Nguo nyeupe iliyoingia kwake ilitoka na rangi ya wingu linalofikiria mvua.

"Nasikia kila Jumanne uko kwa yule bibi," Povu akaanza, mkono begani kwa Robo. "Ndugu yangu, mtu wa kiwango chako unakaa wapi pale? Juu ya ndoo?"

"Nasimama."

"Anasimama! Mkurugenzi!" Povu akampeleka mwisho wa ukumbi. Palikuwa na chumba kidogo, meza, kiti cha kuzunguka, na mlango. Mlango wa mbao ulionyooka, kitasa cha shaba, kioo juu. "Mlango huu hauna mtu," Povu akasema polepole, kama anayemwonyesha mtu mchumba.

Hapo ndipo Robo alipopatikana. Pesa angeweza kuitazama usoni akatabasamu. Lakini toka alipoanza kujiuza kwa vipande hakuwahi kuwa na mahali pa kubishiwa hodi. Alishika kitasa. Kilizunguka bila kulia.

"Hapa ungekuwa mkurugenzi mzima," Povu akasema. "Si robo. Mzima, Jumatatu mpaka Ijumaa. Mimi nataka kitu kimoja tu: yule bibi anafanyaje. Hatua kwa hatua. Niletee daftari, nipate sare za chuo, mlango ni wako."

"Na kibao cha jina?"

"Kipo tayari." Povu akafungua droo, akatoa kibao cha plastiki, akakipigilia palepale mlangoni kwa msumari mmoja. Kikaning'inia upande. "Msumari wa pili baada ya sare."

Jumanne iliyofuata Robo alifika kwa Mama Dobi na daftari jipya na uso wa msiba.

"Mama, biashara isiyoandikwa iko hatarini. Wewe ukiugua leo, nani atajua hatua?"

"Wanangu hawa wanajua."

"Nao wakiugua?"

"Wote saba?" Mama Dobi akafikiri. "Basi hilo litakuwa pigo kutoka juu, na hakuna atakayetaka kufuliwa."

"Mama, kila biashara kubwa duniani ina daftari la hatua."

Mama Dobi alimtazama kwa muda kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Kisha akafuta mikono kwenye aproni, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Andika," akasema. "Uongo siusemi, kwa hiyo andika vizuri. Maji ya kwanza, sabuni ya mche iliyochemshwa, nguo zilale humo wimbo mzima. Unasuuza mara tatu. Halafu maji ya buluu ya kung'arishia nyeupe, unga kidogo tu kwenye kitambaa, nguo ikae kiitikio kimoja. Halafu wanga wa moto, mwembamba kama maziwa. Beti mbili. Kamua, anika, piga pasi ingali na unyevu. Basi."

Kalamu ya Robo ilikuwa imesimama kwenye neno *wimbo*.

"Wimbo ni dakika ngapi, Mama?"

"Saa sina, mwanangu. Saa ilikuwa ya marehemu mume wangu. Ilisimama siku aliyosimama yeye."

"Sasa wimbo gani?"

"Ule wa kuoshwa. Hatuna mwingine."

"Basi niimbieni kidogo niupime."

Wanawake wote wakageuza shingo kuelekea ukutani. Mama Pasi akanyoosha kidole. "Waraka namba moja, jirani."

"Nausimamisha kwa dakika tano."

"Hapana, mwanangu," Mama Dobi akasema kwa upole mkubwa. "Mkubwa akivunja amri yake mbele ya watu, kesho nani atamsikiliza? Usijivunjie heshima kwa sababu yetu."

Robo akafunga daftari. "Basi nije Alhamisi, mnapofua nyeupe, nitazame kimyakimya."

"Alhamisi si umemuuzia mwokaji? Kumwibia mtu siku yake ni wizi kama wizi mwingine." Akasimama, akarudi karoni. Kisha, bila kugeuka, akaongeza, "Wimbo huo kanisani kwetu unaimbwa kila Jumapili. Wakati wa sadaka. Karibu sana."

Na hayo yote yalikuwa kweli tupu.

Jumapili hiyo, kwa mara ya kwanza toka alipobatizwa, Robo aliingia kanisani kwa hiari yake. Alikaa benchi la tatu, tai nyekundu, Biblia ya kuazima, na ndani ya kiganja saa ya kupimia wakimbiaji. Alisikiliza mahubiri kuhusu mtumishi mwovu kwa uvumilivu wa mtu ambaye hayamhusu. Kisha mhubiri akasema watu watoe kwa moyo wa furaha, kinanda kikaguna, na wimbo ukaanza. Robo akabonyeza.

Lilikuwa kanisa la watu mia nne, na sadaka ilitolewa mbele. Benchi moja linasimama, linatembea, linarudi, ndipo la pili lisimame. Ubeti wa kwanza uliimbwa kwa mwendo wa jeneza. Kiitikio kilipoanza watu wa benchi la kwanza walikuwa wanainuka. Kiitikio kikarudiwa, kikarudiwa tena, maana wimbo haukuweza kwenda mbele kabla ya watu. Kulikuwa na bibi mmoja mwenye mikongojo miwili, naye hakutaka kusaidiwa. Kanisa zima lilimwimbia kiitikio kwenda, na likamwimbia kiitikio kurudi. Robo alipofika kwenye kikapu alitoa noti, akaihesabu moyoni kama gharama ya utafiti.

Kiitikio: dakika kumi na moja. Beti mbili: dakika kumi na nne. Wimbo mzima: dakika thelathini na nane.

Aliandika vizuri, akapiga mstari chini kwa rula. Akafuta maneno *wimbo*, *kiitikio* na *beti* kila yalipokuwepo, kwa sababu daftari la kitaalamu haliwezi kuwa na nyimbo. Alipoinua macho, Mama Dobi alikuwa akimtazama kutoka upande wa pili wa njia. Alimtazama yeye, akaitazama saa kiganjani, kisha akainamisha kichwa kidogo, kama mtu anayempokea mgeni aliyekuwa akimtarajia, na akaendelea kuimba.

"Mtu mwema sana," Robo aliwaza, na kwa sekunde mbili au tatu alijisikia vibaya. Zikapita.

Matroni alipeleka sare Jumatano jioni, thelathini huku, thelathini kule, zitakiwazo Ijumaa saa mbili asubuhi. Alhamisi Robo alimtumia mwokaji ujumbe kwamba yuko kwenye kikao cha ngazi ya juu, akaenda kwa Povu kusimamia mwenyewe. Alivaa koti jeupe juu ya tai. Mashine zilizimwa, mabeseni yakapangwa sakafuni, naye akatembea katikati yake na saa yake kama mwamuzi wa mashindano.

Nguo ziliingia kwenye buluu. Dakika ya kwanza ikapita. Ya pili. Kulikuwa na mzee mmoja wa mashine, aliyefua toka enzi za mawe, akainua mkono.

"Mkurugenzi, mama yangu alikuwa anachovya na kutoa."

"Mama yako alikuwa na daftari?"

"Hakuwa nalo."

"Basi."

Povu mwenyewe alikuwa akisugua viganja. "Kumbe ndiyo siri!" alimnong'oneza Robo. "Miaka yote hii nilikuwa natoa mapema! Haraka haina baraka, ndugu yangu, nilifundishwa nikiwa mtoto nikasahau." Mwenye tamaa ukimwambia siri ni ngumu, anaiamini zaidi, ukimwambia ni rahisi, anadhani umemwibia.

Ilipofika zamu ya wanga, Robo aliinama kuona kama ni mwembamba kama maziwa. Tai ikaingia beseni mpaka nusu. Hakujali. Alikuwa anahesabu dakika kumi na nne, na ndani ya kichwa chake kulikuwa na msumari mmoja unagongwa: ko, ko, ko. Nguo zikaanikwa juani, naye akasimama pamoja nazo mchana kutwa, koti amelivua, tai kifuani.

Alasiri Povu alitoka kuzitazama.

"Zina rangi," akasema.

"Weupe wa kweli una ubuluu ndani yake, Mkuu. Tazama mbingu."

Povu akashusha sare moja kutoka kwenye kamba, akaiweka chini. Sare haikuanguka. "Imesimama," akasema.

"Huo ndio ubora."

"Imesimama *yenyewe*, ndugu yangu."

"Na ya bibi je, inaweza?"

Muda wa kurudia haukuwepo tena. Wakazipanga sare zile juu ya toroli kama mbao.

Ijumaa saa mbili kasoro dakika tano, ofisini kwa Matroni. Chumba kidogo, meza ndefu, harufu ya dawa ya sakafu. Mama Dobi alikuwa amefika kwanza pamoja na Mama Pasi, kifurushi chao kimefunikwa shuka. Robo aliingia nyuma ya Povu. Alikuwa na tai moja tu duniani, na bila tai hakuwa mkurugenzi wa kitu chochote. Kwa hiyo alikuja nayo ilivyokauka, imejitokeza mbele yake kwa pembe, kama kibao kinachoelekeza watu maegesho.

"Shikamoo, Mama," akasema alipomwona Mama Dobi.

"Marahaba, mwanangu. Hujalala vizuri."

Matroni alikuwa mwanamke mwembamba, miwani puani, asiyependa maneno. Alianza na za Povu. Alichukua sare ya juu, akailaza mezani. Ilikaa na mikono imepanuka, kama mtu anayeomba radhi. Matroni aligonga kifua chake kwa kidole. Ko, ko.

"Wanafunzi wangu watakaaje na hizi?"

"Wauguzi hawakai, Matroni," Robo akadakia. "Wanasimama. Tumezingatia hilo."

Matroni alimtazama juu ya miwani. Akafunua shuka ya Mama Dobi. Sare ilikuwa nyeupe ya kuumiza macho kidogo, laini pale panapotakiwa ulaini, kola imesimama kama inavyopasa. Akaikunja, akaikunjua. Kisha akaona uzi wa kijani ndani ya pindo. Akatazama nyingine: uzi wa njano. Nyingine: mwekundu.

"Hizi nyuzi ni za nini?"

"Kila mwanafunzi na uzi wake, Matroni," Mama Pasi akasema. "Haipotei hata moja, na haivaliwi na asiye mwenyewe."

"Mwaka jana nilipoteza sare kumi na mbili." Matroni akavua miwani. "Nani kafikiria utaratibu huu?"

Mama Dobi hakuwahi kusema uongo, na hakuanzia hapo. "Huyu," akasema, akamwonyesha Robo. "Mkurugenzi wetu wa uendeshaji."

"Wenu?" Povu akaruka. "Huyu ni mkurugenzi *wangu*! Ana mlango kwangu!"

"Kwetu ni wa Jumanne," Mama Dobi akasema.

Matroni akageuka taratibu. "Na hizi mbao za buluu, nani alisimamia?"

"Huyu!" Povu akapiga kelele.

Matroni alimsogelea Robo, akaigonga tai kwa kidole kilekile. Ko, ko.

"Ni kweli," akasema.

Sasa hapa mtu wa kawaida angezimia. Ulimi wa Robo ulikuwa umeshaamka, umeshanawa uso. "Matroni, naona nieleze. Hili lilikuwa jaribio la kulinganisha. Mtu hawezi kujua kizuri mpaka awekewe kibaya kando yake. Nilijitolea kusimamia pande zote mbili, kwa faida ya chuo, ili uamuzi wako usiwe na..."

"Kibaya!" Povu alikuwa amegeuka rangi ya sare zake. "Nimefuata daftari lako dakika kwa dakika!" Akalichomoa mfukoni, akalitupa mezani. "Daftari la bibi huyu, ulilolileta wewe mwenyewe!"

Mama Dobi akanyoosha mkono. "Naomba nilione." Alisoma kwa kidole, neno kwa neno, na chumba kizima kikamngoja. "Wanga, dakika kumi na nne. Kiitikio..." Akatazama vizuri. "Neno kiitikio limefutwa. Buluu, dakika kumi na moja." Akafunga daftari. "Mwanangu, ile ilikuwa sadaka ya watu mia nne. Sisi tuko wanane, na mikono yetu iko kwenye maji ya moto. Unadhani tunaimba polepole?"

Mama Pasi alijifunika uso kwa upande wa nguo yake. Mabega yalikuwa yanatikisika.

"Ulijua!" Robo akasema. "Uliniona kanisani!"

"Nilikuona, na nilifurahi. Mtu akija nyumbani kwa Mungu humwulizi amefuata nini."

"Ungeniambia basi!"

"Ungeuliza basi. Mimi nilijibu kila ulichouliza. Na tungekuimbia, sema uliweka waraka."

Matroni alikuwa ameshavaa miwani yake tena. "Mama, kuanzia Jumatatu sare ni zako. Mia mbili na arobaini. Na nyuzi zibaki." Kwa Povu alisema neno moja tu, "Toroli." Povu akazikumbatia mbao zake, akamwinamia Robo sikioni. "Ule msumari," akasema, "nakwenda kuung'oa kwa meno." Akaondoka akipiga kelele korido nzima, toroli linalia nyuma yake.

Mama Pasi alikuwa ameanza kulia, kicheko kimemgeukia. Wanawake saba hawatarudi kwao. Mama Dobi alifumba macho kidogo, midomo ikaenda bila sauti, muda wa kiitikio kimoja hivi. Kisha akamgeukia Robo.

"Nilisema nitakulipa matokeo yakionekana. Yameonekana. Nyuzi ni zako, na meza ya dirishani ni yako, ukweli usemwe. Njoo uchukue malipo yako Jumanne, ndiyo siku yako. Wenzako wote watakuwepo wakushukuru."

Robo akaziona zile sura saba, zimepangwa karoni, zinamngoja zimshukuru. Shingo ikamwingia kwenye kola.

"Na kama unataka mlango," Mama Dobi akaendelea kwa sauti ileile, "stoo ya sabuni ina mlango. Kitasa kimelegea lakini kinafunga. Sare mia mbili na arobaini ni kazi, nitahitaji mtu wa kupanga. Si robo, mwanangu. Mzima. Jumatatu mpaka Jumamosi, saa moja kamili. Tunaanza kwa wimbo."

Robo alifungua kinywa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alitangulia yeye kuamka, ulimi ukawa bado umelala.

Mama Pasi akafuta macho. "Sasa jirani," akauliza, na safari hii hakuwa anatania, "kesho asubuhi hiyo tai utaivalia nani?"

Robo alishika fundo. Halikufunguka, wanga ulikuwa umelikamata. Ikabidi aivue yote nzima juu ya kichwa, kama mtu anayevua kola ya mbwa, masikio yakapata tabu. Akaiweka mezani kwa Matroni, juu ya daftari. Ikagonga. Akauchukua mkoba wake, akaitazama mara moja sare nyeupe ya juu yenye uzi wa kijani, na akatoka.